Kumtoa mtoto mchanga nje kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili kuanzia barazani hadi kliniki

Bibi yangu anahesabu siku arobaini. Nesi anahesabu wiki sita, yaani siku 42. Hesabu zao zinapishana siku mbili tu, lakini kwa siku hizo mbili nimeshawaona mama mkwe na mkamwana wakinuniana wiki nzima, mmoja akisema mtoto hatoki, mwingine ameshika kadi ya kliniki mkononi.

Nimelea watoto watatu hapa Dar es Salaam. Wa kwanza nilimtoa ovyo. Wa pili nilimfungia ndani mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuongea na kuta. Wa tatu ndiye niliyemtoa kwa utulivu, na mengi ya humu nimeyatoa kwake. Nimeyapanga kwa mfuatano wa siku zenyewe zinavyokuja, tangu wiki ya kwanza. Kama unaishi Njombe au Nairobi utabadilisha vitu viwili vitatu, hasa nguo na saa ya kutoka.

Jua kwanza unachokiogopa

Kwetu mtoto akipiga chafya, kosa ni la upepo. "Umempitisha kwenye upepo." Upepo peke yake haumpi mtoto mafua. Mafua, kikohozi, kifaduro na kuhara vinaletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vinasafiri kwa watu: kwenye viganja, kwenye midomo inayobusu, kwenye kikohozi cha abiria wa kiti cha nyuma. Ukilielewa hili, maamuzi mengi yanakuwa mepesi. Kukaa na mtoto wa siku kumi chini ya mwembe uani hakuna neno. Kumpeleka mtoto huyohuyo sebuleni kwa jirani mwenye wageni ishirini ndiko kwenye tatizo, hata kama madirisha yote yamefungwa.

Angalia pia chanjo zake. Akizaliwa anapata ya kifua kikuu na matone ya polio. Zile za kumkinga na kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na nimonia zinaanza wiki ya 6, kisha wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Kenya wiki ni hizohizo. Maana yake kwa miezi mitatu na ushee ya mwanzo kinga yake bado inajengwa, na mipango ya harusi, misiba na Kariakoo inabidi isubiri au iendelee bila yeye.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo 2.5, ana ratiba yake. Huyo anapoteza joto haraka na anachoka kunyonya. Uliza waliomhudumia kabla ya kufuata siku zangu.

Wiki ya kwanza na ya pili: barazani

Safari ya kwanza kabisa iwe ya hatua sita, kutoka kitandani hadi kibarazani. Asubuhi, jua likiwa bado dogo, kaa naye kivulini dakika kumi. Kesho kumi na tano. Wewe mwenyewe unahitaji hewa hiyo kuliko yeye, hasa kama umejifungua kwa upasuaji na kila hatua inavuta mshono.

Hapa niseme jambo la kumuanika mtoto juani. Tumezoea kwamba mtoto akiwa na rangi ya manjano anaanikwa asubuhi hadi manjano yaishe. Jua la uani si dawa ya manjano. Mtoto aliyegeuka manjano siku ileile ya kuzaliwa, au ambaye viganja na nyayo zimekuwa za manjano siku yoyote, anakwenda hospitali leo, hangoji wiki iishe. Na ngozi yake ni nyembamba; jua kali linamuunguza. Mafuta ya kuzuia jua hayafai kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa hiyo kinga yake ni kivuli.

Kuna safari moja ambayo haisubiri arobaini: mahudhurio ya baada ya kujifungua. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya wiki ya kwanza, waonwe tena kabla mwezi haujaisha, halafu karibu na siku ya 42. Nilipomwambia bibi hivyo, alifikiri kidogo akasema kliniki si kutembea. Basi, tumia kauli hiyo na kwenu.

Saa ya kutoka

Dar kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ukitoka saa tano asubuhi unampika mtoto. Toka saa moja, uwe umerudi kabla ya saa nne. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, una nafasi zaidi. Masika tazama mawingu, kwa sababu kuloana naye kituoni ukisubiri daladala ni tabu ambayo hutaki kuirudia. Wa Makete na Mbeya mnafanya kinyume: mwezi wa sita na wa saba ngojeni jua lipande, saa nne hivi.

Jioni, rudi kabla ya magharibi. Wazee wanasema saa hiyo mtoto asiwe nje kwa sababu ya mashetani. Mimi nasema kwa sababu ya mbu wa malaria, wanaoanza kazi jua likizama. Sote tunaingia ndani saa ileile, hakuna haja ya kubishana. Mbu wa dengi anauma mchana, kwa hiyo hata kliniki mkae mbali na vichaka na ndoo za maji zilizosahaulika. Dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye DEET hazifai kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Mvalishe nguo nyepesi ya mikono na miguu mirefu, na chandarua kidogo akilala.

Saa nyingine ya kuhesabu ni ya ziwa. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani kila saa mbili au tatu, wakati mwingine kabla ya hapo. Mnyonyeshe, mcheulishe, mbadilishe nepi, ndipo utoke. Safari ya kwanza isiyo ya kliniki ikizidi nusu saa, kwenda na kurudi, umeshaifanya kubwa mno.

Nguo, na kosa langu la Januari

Mtoto wangu wa kwanza nilimvalisha fulana, sweta, kofia ya sufu, soksi, kisha blanketi mbili, kisha nikamfunika kanga usoni. Ilikuwa Januari. Tulitembea dakika ishirini. Tulipofika, nesi aliifunua ile kanga akakuta mtoto mwekundu, nywele zimelowa, analia kwa sauti ya kuchoka. Alimvua kimoja kimoja bila kuniambia neno. Kila nguo iliyotoka ilinifundisha kitu.

Kanuni inayotumika: mvalishe kama unavyojisikia wewe, uongeze nguo moja. Kwenye joto la Dar hata hiyo moja mara nyingi haihitajiki. Nguo moja nyepesi ya pamba na kanga pembeni zinatosha. Usimpime kwa mikono na miguu, kwa sababu viungo hivyo huwa vya baridi kwa watoto wachanga hata mwili ukiwa na joto zuri. Pitisha vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, vua. Pakiwa baridi, ongeza. Ukiingia ndani au kwenye gari, kofia itoke.

Uso haufunikwi. Kanga juu ya uso inazuia hewa na inakusanya joto, na kanga iliyotandazwa juu ya kigari cha mtoto inafanya vilevile. Kama ni jua, beba mwavuli. Kama ni macho ya watu, mgeuze akuelekee wewe.

Kumbeba

Miezi mitatu ya mwanzo mbebe kwa mbele. Mgongoni tumebebwa sote, najua, lakini shingo ya mtoto wa wiki sita haijaweza kichwa chake, na akiwa mgongoni humwoni. Kwa mbele, iwe ni kanga, kitenge au mbeleko ya dukani, angalia hivi: awe juu kiasi kwamba ukiinama kidogo mdomo wako unagusa utosi wake, uso uonekane wote, kidevu kisigande kifuani, pabaki nafasi ya vidole viwili, maana kidevu kikibana njia ya hewa inajikunja, mgongo ushikwe, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, mapaja yametanuka kama chura. Fundo la kanga livute mara mbili kabla ya kuachia mkono. Fanya mazoezi ukiwa juu ya kitanda, siku mbili tatu kabla.

Mbeleko zinazomlaza mtoto kama ndani ya mfuko, amejikunja, uso umezama kitambaani, ziache hata kama umepewa zawadi.

Mkoba

Andaa usiku. Asubuhi ya kutoka mtoto anajua, sijui anajuaje, na anajisaidia mara tatu.

- kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa nailoni
- pempasi au nepi tatu hadi nne, hata kama unakwenda karibu
- kanga mbili: ya kumlazia na ya kujifunikia wakati wa kunyonyesha
- nguo moja ya kubadilisha ya mtoto, na blauzi moja yako
- kitambaa laini na chupa ya maji safi ya kumpangusia
- mfuko wa vitu vichafu
- sabuni ndogo au kitakasa mikono
- maji yako ya kunywa na kitafunwa

Blauzi yako usiidharau. Maji ya kunywa ni ya mama. Mtoto hapewi maji, hata joto liwe namna gani, mpaka atimize miezi sita. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Kama umekamua, kwenye joto la kawaida la chumba maziwa yanakaa si zaidi ya saa nne tangu kukamuliwa, na Dar wakati wa kaskazi usiyafikishe huko. Maziwa ya kopo yakishachanganywa yatumike ndani ya saa mbili, na yaliyobaki chupani baada ya kunyonya yanamwagwa.

Usafiri

Bodaboda hapana. Sina maelezo marefu hapo.

Kwenye bajaji kaa katikati ya kiti, mtoto amefungwa kifuani kwako, na mwambie dereva mapema: "Kaka, nina mtoto mchanga, twende polepole." Wengi wanaelewa. Daladala epuka saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni. Mwendokasi saa hizo ni hivyohivyo, kama si zaidi. Ukipanda nje ya saa hizo, omba kiti kilicho mbali na mlango, karibu na dirisha lililo wazi. Mwambie konda kwa sauti, "Konda, nina kichanga." Nimeona basi zima likijipanga upya kwa sentensi hiyo. Wakati huohuo jiandae, kwa sababu kila anayekupisha anataka kumwona mtoto.

Gari binafsi lenye mkanda: kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, siti ya nyuma. Usikifunge siti ya mbele yenye mfuko wa hewa, ukifumuka unampiga. Wengi hawana kiti hicho, na mama anampakata. Kama ndivyo, kaa nyuma, funga mkanda wako wewe peke yako, usiuzungushe na kwa mtoto, maana mkipata kishindo uzito wako unamkandamiza. Hilo ni afadhali, halina usalama wa kiti. Ukiweza kuazima kiti kwa ndugu, azima. Na usimwache garini, hata kama unakwenda dirishani tu kununua vocha.

Siku ya 42: kliniki yenyewe

Fika mapema, kadi iwekwe kwenye foleni, halafu mkae nje kivulini hadi jina liitwe. Chumba cha kusubiria kina watoto wenye kikohozi waliokuja kutibiwa. Veranda ni bora. Kwenye mizani atawekwa bila nguo nzito. Chukua kanga yako ya kumtandikia, kwa sababu aliyetangulia huenda ameikojolea ya pale.

Wiki ya 6 atapewa matone mdomoni, ya polio na ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, na sindano mbili, moja kila paja. Kwenye vituo vya serikali chanjo hizi hazilipiwi. Mnyonyeshe mara tu baada ya sindano, au hata anapochomwa kama nesi ana nafasi. Kilio kinakatika njiani. Uliza kabla hujaondoka: uzito umepandaje, tarehe ya kurudi ni ipi, na akipata homa nimpe nini na kiasi gani. Dawa ya homa inapimwa kwa uzito wake, usikadirie kwa kijiko cha nyumbani.

Usiku wake anaweza kuwa na joto kidogo na kununa siku moja au mbili. Usikande paja kwa maji ya moto wala kulisugua mafuta. Na kile kidonda kinachojitokeza begani wiki chache baada ya chanjo ya kifua kikuu ni cha kawaida: kinatoa usaha kidogo, kinakauka, kinaacha kovu. Usikibinye, usikifunge plasta.

Usitoke bila wewe mwenyewe kuangaliwa. Mara nyingi mtoto anapimwa, mama anaulizwa tu "hujambo?" na anajibu "sijambo". Sema kama damu bado inatoka nyingi, kama mshono unauma, kama unalia bila kujua sababu.

Watu

Hapa ndipo penye kazi. Nje ya mlango wako kuna shangazi, wifi, mama wa genge, na wanafunzi wanaotoka shule, na kila mmoja ana mkono. Kwetu kumnyima mtu mtoto ni kumtukana. Kwa hiyo nilijifunza kutokunyima, nilijifunza kupanga.

Kwa mkubwa, anza na heshima: "Shikamoo mama. Nesi amesema tunawe kwanza, maji haya hapa." Mtwishe nesi lawama, hatajali. Kwa anayeinama kubusu, mgeuze mtoto umpe mguu: "Mbusu soksi, shangazi, mdomo bado." Watu wanacheka, na soksi inafuliwa. Busu si jambo dogo. Mtu mwenye kidonda cha mdomoni, kile kinachoitwa cha homa, anaweza kumwambukiza mtoto mchanga virusi vinavyomwumiza vibaya. Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kutoka mlangoni, hata akiwa baba yake. Watoto wa mtaani kwetu niliwaambia wanaruhusiwa kushika kisigino kimoja tu, cha kushoto, na walikilinda kisigino hicho kama mali ya serikali.

Kuna wale wanaokuja na kitu cha kumlambisha. Asali haitolewi kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua. Sukari, maji ya baraka, uji wa kuonja, vyote kwa baadaye. Wanja wa kienyeji mara nyingi huwa na madini ya risasi, usipite machoni wala kwenye nyusi. Hirizi au uzi wa kijicho, kama nyumba haitalala bila huo, ufungwe kwenye mkoba. Shingoni unaweza kumnyonga. Na udi na ubani vinukie chumba kingine, kwa sababu moshi ni moshi, hata ukinukia.

Msikitini au kanisani, kaa karibu na mlango na mbali na spika. Kama unaongea kwa kupaza sauti ili jirani yako akusikie, mahali hapo pana kelele mno kwake. Msibani nenda siku nyingine, bila mtoto, au mtume mtu na rambirambi. Hawatakulaumu, na wakilaumu wataacha.

Ukirudi

Nawa mikono, badili nguo yako ya juu, mnyonyeshe, mlaze chali. Safari inayofuata ongeza robo saa, usiongeze watu. Baada ya wiki ya 10 mimi nilianza kwenda naye sokoni kwa muda mfupi, asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa.

Siku mbili tatu baada ya kila safari mwangalie kwa makini. Mpeleke kituo cha afya mara moja akikataa kunyonya au kunyonya kwa ulegevu, akifikia joto la kwapani 37.5 au zaidi, akiwa wa baridi chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akipata degedege, au akilegea hatikisiki mpaka aguswe. Joto la chanjo halibadilishi orodha hii: anayenyonya vizuri na joto limepanda kidogo usiku wa sindano bila kufika 37.5, unampigia nesi; anayegoma ziwa hupigi simu, unakwenda. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, saa ya simu ikiwa mbele yako, kwa sababu mtoto mchanga anapumua haraka, anatulia, kisha anaanza tena, na ukihesabu sekunde kumi utajidanganya. Kama ni usiku, toka hivyohivyo, na kadi ya kliniki.